Kampuni ya sigara inaishtakije nchi nzima?

MwanaWaBani (Urambo):
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu analima tumbaku tangu sijazaliwa, ada yangu ya sekondari yote ilitoka bani, kibanda cha kukaushia tumbaku. Jana gulioni tumebishana hadi chai ikapoa: jamaa anadai serikali ikibana sigara, kampuni inaweza kuiburuza mahakamani. Kweli? Kwa sheria ipi?

WakiliKijiweni:
Kweli kabisa. Uruguay iliamuru maonyo yafunike asilimia 80 ya pakiti. Mwaka 2010 Philip Morris, kampuni ya sigara yenye ofisi Uswisi, wakaishtaki, wakishikilia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Uswisi na Uruguay. Yaani mkataba wa kukaribisha wageni ndio ukageuzwa rungu! Vuta nikuvute ya miaka 6. Julai 2016 Uruguay ikashinda, na kampuni ikaamriwa kuilipa dola milioni 7 za gharama za kesi. Nchi ya watu wasiofika milioni 4, ujue.

BintiSikonge:
Ongeza Australia. Pakiti zote rangi moja ya kahawia mbaya, hakuna nembo. Kampuni zikalia zimenyang'anywa mali. Mahakama Kuu ikajibu mwaka 2012: serikali imewazuia kuringa na nembo, lakini haijaichukua ikawa yake. Na hapa jirani, kampuni ya sigara ya BAT (British American Tobacco) waligonga mwamba Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2019.

MwanaWaBani:
Asanteni. Nimemsomea mzee yote, kanyamaza, kisha kauliza: "Na bei ya kilo msimu huu?"