Mjadala: Kidato cha nne kikiisha, mtoto apelekwe tuisheni au apelekwe kazini?

MLETA MADA (Kigamboni)

Wakuu, heshima kwenu.

Naiweka hoja mezani mapema ili anayetaka kunishambulia asipate shida ya kunitafuta: ile miezi tangu mtihani wa kidato cha nne wa Novemba mpaka kidato cha tano kuanza Julai isiwe ya tuisheni. Mtoto akakae kwenye kazi za watu, wiki mbili hapa, wiki mbili pale, kwa utaratibu wa serikali, na iwe lazima kwa wote, wa shule ya kata na wa shule ya ada ya mamilioni. Akishaona, ndipo ajaze tahasusi, yaani ule mchanganyiko wa masomo atakaosoma kidato cha tano.

Kilichonisukuma ni maongezi ya ofisini. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Juzi wakati wa chakula mtu akauliza: ungeanza upya, ungefanya kazi gani? Mezani hapakuwa na hata mmoja aliyeitaja kazi anayoifanya. Mwenzetu wa stoo anatamani angekuwa daktari wa mifugo. Bosi, mtu mzito kabisa, anatamani kupima ardhi, ashinde porini na vyombo vyake bila kupigiwa simu. Dereva alitaka kutengeneza saa. Tulicheka sana, lakini nilipowadodosa nikaona kitu. Aliyesema "niliitaka nikanyimwa" alikuwa mmoja tu. Wengine wote walisema hawakujua kama hiyo ni kazi ya mtu, wamekuja kuiona wakiwa tayari na watoto.

Na mimi ni hivyohivyo. Nimekulia Kigamboni, nimevuka na pantoni tangu nabeba begi la shule ya msingi. Kila pantoni iliposubiri meli kubwa ipite ule mlango mwembamba wa bandari, nilikuwa natazama makontena. Hakuna aliyeniambia kwamba kule juu, pembeni ya nahodha, kuna rubani wa bandari: ameifuata meli nje na kiboti, akapanda ngazi ya kamba ubavuni, na sasa ndiye anayemwelekeza nahodha mgeni apite wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu jamani! Nimekuja kuijua nikiwa naandika ankara. Na Chuo cha Bahari, DMI, kipo palepale mjini, ng'ambo ya maji kutoka kwetu. Shuleni nilijua kazi nne: daktari, mwalimu, mhandisi, mwanasheria. Nikapelekwa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kwa kuwa nilifaulu baiolojia, alama za udaktari hazikutosha, nikaangukia uhasibu.

Mtasema mambo yamebadilika. Ni kweli, mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, na sera mpya ya elimu imeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Lakini orodha ndefu haimsaidii mtu ambaye hajawahi kuona yaliyoandikwa humo yakifanyika. Atamuuliza baba, na baba naye anajua kazi nne zilezile.

Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Nasema sehemu ya umati ule ni watu ambao hawajawahi kuonyeshwa mlango mwingine.

Naomba kuwasilisha. Ukichangia, taja kazi yako na ile uliyoitamani, tusiongee hewani.

BODABODA MSOMI (Mbezi Luis)

Mleta mada, hii mada ni ya watu walioshiba.

Nina shahada ya ualimu, historia na Kiswahili. Kazi ninayoifanya: bodaboda, kijiwe cha stendi. Kazi ninayoitamani: kufundisha historia na Kiswahili. Ileile niliyosomea. Niliichagua mwenyewe, nikaifanyia mazoezi darasani, nikaipenda, na watoto wakanipenda. Sasa hizo wiki mbili zako zingenionyesha nini nisichokijua? Ninachokikosa ni kibali cha ajira.

Watu 135,000 hawakukimbilia TRA kwa sababu hawajui kazi nyingine. Wana fani zao. Walikimbilia kwa sababu ile ni ajira na ilitangazwa. Unakumbuka Juni 2014, Uhamiaji wanataka watu 70, Uwanja wa Taifa ukajaa watu zaidi ya 10,000? Kaka yangu alikuwa jukwaani siku ile na suti ya kuazima. Kazi aliyoisomea alikuwa anaijua vizuri tu. Usimfanye mtu mjinga kwa sababu hana kazi.

Na bodi ya mikopo ya wanafunzi wana asilimia 15 yao kwenye mshahara wangu. Wausubiri, mimi pia nausubiri.

MAMA WA TABATA

Kazi: muuguzi, wodi ya wazazi. Niliyoitamani: hiihii, ila na mshahara mwingine.

Kuhusu tuisheni nakuunga mkono kwa mikono miwili. Zinatukamua. Matokeo yanatoka Januari, majina ya waliochaguliwa kidato cha tano bado sana, lakini mtoto tayari anafundishwa fizikia ya kidato cha tano na hajui kama atapangiwa fizikia. Nimelipa, nalalamika huku nalipa, kwa sababu wa jirani naye analipa.

Ila huko kazini, ngoja kwanza. Binti yangu ana miaka 17. Unataka nimkabidhi kwa mtu nisiyemjua, karakana ya wanaume watupu, choo kimoja na hakina komeo? Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja wodini kwetu huja na mwalimu wao, wameandikishwa, likitokea jambo kuna wa kujibu. Hawa wako atajibu nani?

Halafu kuna kazi hazitazamwi. Mama yuko kwenye uchungu, amelala hapo kama alivyozaliwa, wewe unaniletea mtoto wa kidato cha nne asimame pembeni ajifunze "kazi ya uuguzi". Hapana, mwanangu. Mgonjwa si onyesho.

FUNDI WA KEKO

Huwa nasoma tu, leo naandika.

Kazi seremala. Niliyoitamani ni hiyohiyo, sina la kuongeza.

Kila mwaka baada ya matokeo, wazazi wanatuletea watoto. Sentensi ni moja: "Fundi, huyu amefeli, mfundishe ufundi." Mtoto anasikia. Anaanza kazi akijua amekuja jalalani. Sijawahi, tangu nishike randa, kuletewa mtoto na mzazi aliyesema, "Huyu ana akili sana, nataka aje kwako." Wakati kabati la jikoni ni hesabu tupu. Kuta za nyumba za Dar hazijanyooka, ukikata mbao kwa kipimo cha karatasi bila kwenda kupima mwenyewe umetupa mninga wa watu, na bei ya mninga mnaijua. Kwa hiyo mleta mada akiniambia wataletwa wote, wa divisheni wani na wa sifuri, siku moja, na wamekaa benchi moja, mimi hapo namuunga mkono kabla hajamaliza kusema.

Lakini wiki mbili! Wiki mbili kwangu ni kupiga msasa. Hagusi mashine. Atarudi nyumbani anakohoa, ana vumbi mpaka puani, atamwambia mama yake useremala ni msasa. Labda hata hilo ni kujua, maana wapo wanaodhani useremala ni kukaa kivulini unachora vitanda.

Na mimi nalipwa kwa kazi niliyomaliza. Muda wa kumwelekeza mtoto wa watu analipa nani?

MWANASHERIA NUSU (Sinza)

Kazi: nauza simu Kariakoo. Shahada: sheria. Niliyoitamani: kutangaza mpira redioni, na bado natangaza nikiwa peke yangu bafuni.

Nitamuunga mkono mleta mada kwa jambo moja. Laiti ningekaa wiki moja tu kwenye korido za mahakama ya Kisutu, ningejua kwamba uwakili si ile hotuba ya kwenye tamthilia. Ni mafaili, ni kusubiri, ni kesi kuahirishwa kwa sababu shahidi hajaja, kisha kuahirishwa tena. Nisingejaza HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) kwa mbwembwe zile. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikia kwamba kati ya watahiniwa 633 wa Shule ya Sheria waliofaulu moja kwa moja ni 26, mpaka ikaundwa kamati. Watu walibishana kuhusu mitihani na walimu. Mimi nilikuwa najiuliza, katika wale 633, wangapi walimwona wakili akifanya kazi kabla ya kuamua kuwa mawakili?

Baada ya hapo namwacha. Kwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kazi nyepesi tu, na aliye chini ya miaka 18 hatakiwi mgodini, kiwandani wala mahali penye hatari. Karakana za mitaa ya Keko na Gerezani, fundi atuambie mwenyewe kama si mahali penye hatari. Mtasema mtoto anatazama tu, hajaajiriwa. Sawa, ila kidole kikikatwa na msumeno hakitauliza kama alikuwa na mkataba.

Pili, na hili ndilo kubwa. Mtapanga vipi nani aende wapi? Najua nchi yangu. Mtoto wa mkubwa atapelekwa Benki Kuu na uwanja wa ndege, atapiga picha na rubani. Mtoto wa Mbagala Kizuiani atapelekwa duka la jirani kufagia, apewe karatasi yenye muhuri kwamba ameona kazi. Tuisheni angalau fizikia ni ileile kwa wote.

MLETA MADA

Nawajibu waliosema.

Bodaboda, sikukuita mjinga na sitakuita. Uliiona kazi yako, ukaichagua, ukanyimwa. Wewe uko kwenye lile kundi la mtu mmoja pale mezani kwetu, na mshtakiwa wenu ni mwingine kabisa. Utaratibu wangu hauzalishi ajira hata moja, nakubali. Unachozuia ni mtu kutumia miaka mitano akielekea mahali ambapo angekataa kwenda kama angepaona.

Mama wa Tabata, wodi ya wazazi naifuta. Lakini hospitali si wodi peke yake. Kuna maabara, kuna famasia, kuna fundi wa mashine za hospitali ambaye nina hakika nusu ya wanaosoma hapa hawajawahi kumfikiria. Na suala la mabinti sina jibu zaidi ya kwamba waende kwa makundi na mwalimu, kama hao wa uuguzi.

Mwanasheria umenigusa. Pendekezo: ipigwe kura ya bahati. Kila wilaya, Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na sisi wa Kigamboni, sehemu zote za kazi ziingie kwenye orodha moja, majina ya watoto yachanganywe. Wa Masaki akiangukia Keko, aende. Wa Mbagala akiangukia Benki Kuu, aende.

MSTAAFU (Ukonga)

Vijana wangu, haya mnayoyajadili yalishafanyika na wengine tulikuwemo.

Azimio la Musoma, mwaka 1974. Aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alikwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, na alipoomba chuo alitakiwa kuwa na barua ya mwajiri na ya tawi la TANU, chama tawala cha wakati ule. Nia ilikuwa nzuri. Tulioingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya kufanya kazi tulikuwa tunambishia profesa kwa mambo tuliyoyaona kwa macho, si kwa vitabu. Lakini kuna mambo mawili mleta mada ayajue. Ile barua ya mwajiri iligeuka fimbo, maana bosi asiyekupenda alikushikilia. Na wasichana walipungua chuoni, wengi walishaolewa huko kazini, mpaka sharti likalegezwa kwao. Kwa hiyo huyo mama wa Tabata asionekane mwoga. Anasema lililokwisha kutokea.

Mimi nilikuwa afisa mipango. Nilitamani kuendesha treni. Baba alikuwa reli, enzi za shirika la Afrika Mashariki, nikaijua kazi ile tangu utoto, hakuna aliyehitaji kunionyesha. Baba huyohuyo ndiye aliyenikataza. Mwaka juzi nilipanda ya umeme kwenda Dodoma, nikakaa njia nzima najaribu kumwona dereva, hawaonekani siku hizi.

BODABODA MSOMI

Mzee umemaliza kesi. Wewe kazi uliiona, uliipenda, na hukuipata kwa sababu ya baba. Mimi niliiona, nikaipenda, sikuipata kwa sababu ya ajira. Mleta mada anatibu ugonjwa wa tatu wakati wodi imejaa wagonjwa wa ule wa kwanza na wa pili.

MAMA WA TABATA

Wa tatu wapo, usiwakane. Nina wenzangu zamu ya usiku ambao walikuja uuguzi kwa kuwa fomu ilisema hivyo, na mgonjwa anajua kabla hajaguswa.

Hiyo kura naitaka, ila ifanyike hadharani, si ofisini kwa mtu. Na nauli nani atatoa? Kutoka Chanika mpaka bandarini kila siku kwa wiki mbili, ni hela ya kula ya mtu.

FUNDI WA KEKO

Mwanasheria, ndiyo, kwangu kuna hatari. Ndiyo maana nikasema hagusi mashine.

Mkikubaliana, mimi napokea watatu kwa mpigo, si zaidi, benchi haitoshi. Waje na viatu vya kufunika vidole, kandambili nawarudisha getini. Kinga ya macho nitawapa mimi. Bima ya matibabu aje nayo kutoka serikalini, imeandikwa, nisiambiwe "itashughulikiwa". Na yule wa Masaki akija na dereva, dereva asubiri nje.

MWANASHERIA NUSU

Fundi, getini gani tena? Keko kuna geti?

FUNDI WA KEKO

Kuna turubai. Unainua unapita.