Kilimanjaro: Machame au Western Breach?

Raskazone79: Wadau habari za jioni. Tuko wanne hapa Tanga mjini, tumechangishana mwaka mzima tupande Kilimanjaro. Kampuni imetupa njia mbili: ya kwanza Machame, ya pili Lemosho halafu tumalizie Western Breach, ule mteremko mkali wa upande wa magharibi, mpaka kreta. Bei zimepishana kidogo tu. Tuchukue ipi?

Mgumu_Mstaafu: Mwezi gani mkuu? Siku ngapi? Kuna aliyewahi kulala juu ya mita 3,000?

BintiKorogwe: Machame, tena siku saba. Mchana mnafika Lava Tower mita 4,600 na kitu, usiku mnashuka kulala Barranco chini ya 4,000, mwili unazoea. Nimepita huko na nitarudi hukohuko.

Mgumu_Mstaafu: Breach naijua, nimebeba mizigo pale. Siku moja tulichelewa kutoka kambi ya Arrow Glacier, mteja alikuwa anatapika, jua likatukuta bado tuko kwenye mteremko. Usiku barafu ndo inashikilia mawe, jua likipiga inaachia. Nikasikia kama mtu anamwaga kokoto kwenye bati, kiongozi akapiga kelele "mawe!", tukajibanza kwenye mwamba, jiwe kubwa kama ndoo likapita likachana mzigo wa mwenzangu, unga wa uji wote ukamwagika kwenye theluji. Tulikaa pale hatusemi kitu. Januari 2006 Wamarekani watatu walikufa kwa mawe upande huohuo, njia ikafungwa kwa muda. Mimi ndugu yangu simpeleki.

Bagamoyo_Oslo: Na theluji je? Huku Norwei mteremko wa nyuzi 30 mpaka 45 ndo unaogopwa kwa maporomoko ya theluji, hasa upepo ukishalundika theluji mpya juu ya tabaka dhaifu. Wengi wanaofukiwa wameiporomosha wenyewe au wenzao, na ikipita robo saa hujamfukua mtu matumaini yanapungua sana.

BintiKorogwe: Kaka hapo umehamia Ulaya, kinachoua watu Kili ni ugonjwa wa mwinuko, ule wa hewa nyepesi huko juu.

Bagamoyo_Oslo: Sawa dada, ila theluji mpya ikifunika Breach utajuaje jiwe lipi limelegea?

Raskazone79: Samahani wadau sikusema, ni wiki ya mwisho ya mwezi wa nne, siku sita. Hakuna aliyewahi kupanda mlima.

Mgumu_Mstaafu: Aprili!! Hiyo masika mkuu, chini mvua na tope, juu theluji. Breach futa kabisa. Sogezeni mpaka mwezi wa nane, na muongeze siku.

PweraPwera: Kama likizo haisogei basi pandeni njia ya Rongai, upande wa kaskazini mvua ni nafuu.

BintiKorogwe: Rongai mtazunguka mpaka karibu na mpaka wa Kenya, usafiri gharama.

Raskazone79: Likizo ya mmoja wetu ndo haisogei, ngoja nikaongee naye leo. Na makoti ya mitumba ya hapa Tanga yatafaa au tukakodi Moshi?

Mgumu_Mstaafu: Koti sawa, glovu na buti kodini. Buti lijaribu na soksi mbili, vidole visiguse mbele, wakati wa kushuka utanikumbuka.

PweraPwera: Basi la Moshi siku hizi linatoka Tanga saa ngapi?