Programu ya Marekani ya ujasiriamali jamii kwa viongozi wa wanafunzi: kikundi cha mwani Mlingotini kinahesabika?

BintiDunda

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenu wazoefu wa haya mambo. Niko mwaka wa 2 nasoma biashara chuo kimoja Dar, kwetu Bagamoyo. Mwalimu wetu katupia kwenye grupu la wasap tangazo la ile programu ya SUSI, yaani masomo mafupi Marekani ya viongozi wa wanafunzi, upande wa ujasiriamali jamii, kasema mwenye sifa aombe asione haya. Mimi ni CR, yaani mwakilishi wa darasa, na niko serikali ya wanafunzi upande wa mikopo, yaani ndo ule upande watu wanaokutukana kila boom, hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Mama mdogo yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaolima mwani Mlingotini, likizo zangu zote naishia huko. Wanalima, wanavuna, wanaanika, alafu mnunuzi anakuja na mizani yake na bei yake mfukoni, ukikataa unabaki na magunia yako ndani na mvua iyo inakuja. Mimi na wenzangu wawili tukawaambia tutengeneze sabuni ya mwani basi, tukaenda kujifunza, tukaanza. Na tukawawekea daftari maana mwanzo hela ilikuwa inakaa kwenye kopo la maziwa na mahesabu yote kichwani kwa mweka hazina. Sabuni inauzwa kwa wageni wanaokuja kutembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo na kidogo Dar. Faida wanagawana, fungu moja linabaki kwa ajili ya watoto, daftari, yunifomu na nini.

Maswali yangu: hii ni ujasiriamali jamii kweli au ni biashara tu ya kawaida maana wanagawana faida? Na kikundi sio changu, ntaandikaje? Alafu kuna kaka mmoja anasema ana watu wake ubalozini, nimpe laki 3 ya kusukuma faili. Na la mwisho mama hataki kabisa, anasema mtoto wa kike Marekani peke yake hapana. Nawasilisha.

mzee_wa_kaole

Binti naanza na la tatu maana ndo la haraka. Usimpe huyo kaka hata mia. Programu hii inalipiwa na serikali ya Marekani kupitia wizara yao ya mambo ya nje, tiketi kwenda na kurudi, pa kulala, chakula, bima ya afya wakati uko kule, vyote juu yao, na kuomba ni bure. Hata viza yake ni ile ya J-1, ya programu za kubadilishana, na ukienda kwa programu ya serikali yao hulipi ada ya viza. Sasa hiyo laki 3 inasukuma faili gani? Faili lenyewe anasoma mtu ambaye huyo kaka hajawahi hata kumuona. Hapa Bagamoyo nimeshaona vijana wamelizwa hivi hivi, mtu kavaa suti, kabeba bahasha ya kaki, anakutana nao mgahawani, wiki ya pili simu haipatikani.

Taarifa ichukue kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe basi, sio kwenye grupu, maana tangazo la grupu linaweza kuwa la mwaka juzi mtu kabadilisha tarehe tu. Na mambo ya viza yanabadilika badilika sana sa hivi, angalia kama dirisha liko wazi kabla hujaanza kukesha. Ubalozi uko Msasani, Barabara ya Bagamoyo ya zamani, yaani njia yetu wenyewe hiyo, huna haja ya wakala wa kukuonyesha.

Kipwa_na_Bamvua

Mimi nilienda programu ya aina hiyo hiyo miaka ya nyuma, sio ya ujasiriamali lakini mfumo ule ule, kama wiki 5 hivi, sehemu kubwa mnakaa chuo kimoja mnasoma, alafu mnazungushwa sehemu nyingine za nchi. Darasani hakuna cheti cha digrii wala alama za kuhamishia chuoni kwako, ujue hilo mapema. Wanataka mtu wa miaka 18 mpaka 25, anayesoma shahada ya kwanza, aliyebakiza walau semista moja akirudi, na anayependelewa ni yule ambaye hajawahi kukaa Marekani. Kwaiyo kama hujawahi hata kupanda ndege usione aibu kusema, kwao ni sifa.

Swali lako la faida sasa. Dada, faida sio dhambi. Watu wengi kwetu wanadhani ukisema jamii basi lazima uwe unagawa bure, ndo maana miradi inakufa siku mfadhili akifunga pochi. Kuna hospitali ya macho India inaitwa Aravind, Madurai huko, ilianzishwa 1976 na daktari mmoja mstaafu, Venkataswamy, ikiwa na vitanda 11. Wenye uwezo wanalipa, na hela yao ndo inawafanyia upasuaji wa mtoto wa jicho wasio na uwezo, bure au kwa hela ndogo sana. Walivyoona lenzi za kuweka ndani ya jicho zinatoka nje kwa bei mbaya wakaanzisha kiwanda chao cha kuzitengeneza. Hapo kuna biashara tena ya kweli kweli, mahesabu yamenyooka, lakini ukiuliza ipo kwa ajili ya nani jibu liko wazi. Na Yunus wa Bangladesh aliyepewa Nobel 2006 na benki yake ya Grameen, yule alikuwa anawakopesha maskini na anadai, hakuwa anagawa sadaka.

Kwaiyo wewe jiulize: tatizo gani la hao mama linapungua kila sabuni moja ikiuzwa? Kama jibu ni "wanapata hela" bado hujafika. Kama jibu ni kwamba zamani walikuwa na mnunuzi mmoja tu na mizani yake, sasa wana pa pili pa kupeleka mwani wao kwaiyo wanaweza kumwambia bei hiyo hapana, hapo umefika. Na hiyo ndo esei yako ya maombi.

Kuhusu kikundi sio chako, andika hivyo hivyo. Wanaosoma maombi wanasoma mamia ya "mimi ni mwanzilishi na mkurugenzi mtendaji" ya watu wa miaka 20. Sema kikundi ni cha mama zangu, mimi nilileta daftari na sabuni. Inatosha.

Mkwakwani_TA

Niko Tanga naangalia huu uzi nacheka tu. Samahani dada sio kukukatisha tamaa ila hizi programu mimi nazijua, anaenda kijana mmoja, anarudi na tisheti na picha kapiga mbele ya jengo jeupe, anaanza kujiita balozi wa vijana, anaprezenti kwenye makongamano Dodoma na Arusha, na wale mama anaowataja kwenye slaidi wako maji ya kiuno wanafunga kamba vile vile. Huku Mkinga wapo wakulima wa mwani kibao, waliofika kuwapiga picha ni wengi kuliko waliofika kununua. Kuna dogo namfahamu kabisa aliandika habari za kijiji cha watu, akapata safari, kijijini hajarudi mpaka leo. Sasa Marekani watakufundisha nini kuhusu mwani? Wao wanalima huo mwani?

Kipwa_na_Bamvua

Mkwakwani la tisheti nakupa, nimewaona. Ila la kusema watamfundisha nini kuhusu mwani umekosea njia, haendi kusoma mwani. Mwani anaujua mama yake mdogo kuliko profesa yeyote. Anaenda kusoma namna ya kupanga bei, kuongea na mnunuzi mkubwa, kupima kama kazi inaleta badiliko, na kukaa na vijana wa nchi nyingine wenye matatizo yanayofanana na yetu. Na viza yenyewe ya programu za serikali yao ina sharti la kurudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba viza ya kuhamia au ya kufanya kazi kule, kwaiyo kurudi atarudi. Akirudi akakaa Dar asifike Mlingotini, hapo tumlaumu yeye.

Mkwakwani_TA

Sawa mkuu. Ila aulizwe wazi, akina mama wanajua kwamba anataka kuwaandika? Wamekubali?

Bi Mwanaidi

Swali zuri hilo la kijana wa Tanga.

Mwanangu BintiDunda, mimi nilikuwa nalima mwani miaka ya nyuma kabla mgongo haujakataa, nakuelewa. Watu wanaona mwani ni wa kuchuma tu. Unangoja maji ya bamvua yakipwa uende, unapiga vigingi, unafunga mbegu kwenye kamba moja moja umeinama, baada ya wiki 6 hivi ndo unavuna, na ukianika mchanga ukaingia au mvua ikauonja unageuka mweupe mnunuzi anaukataa pale pale. Kuna aina mbili, cottonii ndo yenye bei nzuri lakini maji yakipata moto inaoza, unaamka asubuhi kamba tupu, kwaiyo wengi tukabaki na spinosum ya bei ndogo. Haya yaandike, hao wazungu hawayajui, na wasomi wetu wa Dar nao hawayajui.

Kuhusu mama yako usibishane nae kwa simu. Nenda nyumbani, kaa nae, mchukue na yule mama yako mdogo akusaidie kusema. Mwambie mnaenda kundi, kuna walimu wanawasimamia, mnalala bweni la chuo, tarehe ya kurudi imeandikwa. Mpe na namba ya mwalimu wako aongee nae. Mama hakatai Marekani, anakataa kutojua mtoto wake analala wapi. Na kama baba yupo hai au kuna mjomba, waambie kabla fomu haijaenda, sio baada.

BintiDunda

Shikamoo Bi Mwanaidi, ahsante sana mama yangu, hapo kwa mama mdogo sikuwa nimepafikiria.

Kaka wa Tanga swali lako limenichoma lakini la haki. Nilimwambia katibu juu juu tu, kikao sijakaa nao. Ntakaa nao.

Kipwa nimeandika mwanzo wa esei, nimeandika kwa kiingereza ila maana yake ni kwamba tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kubadilisha maisha ya wanawake wa Afrika na kuwa sauti ya wasio na sauti. Inafaa?

Kipwa_na_Bamvua

Futa yote. Hao mama wana sauti, nenda kawasikilize wakigombea mizani. Anza na mizani hapo hapo, sentensi ya kwanza kabisa, mnunuzi anashuka na mizani yake. Alafu kilo ngapi, sabuni ngapi, fungu la watoto ni kiasi gani, na kitu kimoja kilichowashinda mpaka leo. Kuna kitu kimewashinda?

BintiDunda

Kipo. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, hatuna kwaiyo maduka makubwa Dar wanatukatalia. Na masika sabuni inatoa jasho, tunaikata mapema kwa sababu ya haraka ya hela, haijakauka vizuri.

Kipwa_na_Bamvua

Basi hilo ndo unaloenda kutafutia jibu, liandike hivyo. Kwa TBS nendeni kwanza SIDO wa mkoa, lile shirika la viwanda vidogo, mkaombe barua ya utambulisho, wajasiriamali wadogo wanapitia hapo na msingoje safari ya mtu yeyote, hata ukikosa hii nafasi sabuni lazima ipate alama.

Barua za mapendekezo omba kwa mwalimu anayekujua kwa jina na kazi zako, usimkimbilie mkuu wa kitivo kwa sababu ya cheo, atakuandikia mistari minne inayofanana na ya kila mtu. Alafu ongea mapema na ofisi ya taaluma kuhusu mitihani, wiki 5 zikiangukia katikati ya semista bila barua utarudi ukute UE, mtihani wa mwisho wa semista, imepita.

dogo_magomeni_bgm

Wakuu mimi nimemaliza chuo nina 26, naweza kuchomekea?

mzee_wa_kaole

Hapana, huko umeshatoka. Fuatilia ile ya Mandela Washington, programu yao nyingine ya viongozi vijana wa Afrika, ilianza 2014, yenyewe ni miaka 25 mpaka 35 na haikulazimu uwe mwanafunzi. Angalia hapo hapo kwenye tovuti ya ubalozi kama wanapokea maombi. Na pasipoti kama huna anza sasa, utahitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, na jina liwe moja kote, sio huku Hamisi kule Khamis, hapo ndo wengi wanakwama.

BintiDunda

Ahsanteni wote. Jumamosi nashuka Mlingotini, ntakaa na kikundi kwanza, wakikubali ndo nachukua namba kwenye daftari. Huyo kaka wa laki 3 nimeshamblock.

Mkwakwani_TA

Ukiwa huko muulize na mnunuzi anaenda kuuza wapi na kwa bei gani, kwenye intavyuu lazima wakuulize. Na wakikataa kuandikwa urudi hapa utuambie pia.