Kikundi cha familia: zamu za kumwona Bibi

Mama Mdogo Zuhura: Hamjambo wote. Nimetoka kwa Mama kule makao ya wazee sasa hivi. Muuguzi analalamika kwamba Jumapili tulimchosha Mama. Mle chumbani tuliingia wangapi?

Baraka: Shikamoo Mama Mdogo. Ulikuwa mkutano wa hadhara 😅

Mama Mdogo Zuhura: Marahaba. We cheka tu. Usiku ule hakulala, aliita watu waliokwishakufa mpaka alfajiri.

Mjomba Hamisi: Mimi aliniita kwa jina la marehemu Baba. Nikamwambia, Mama, Baba alishatutoka. Alilia kama ndiyo kwanza anasikia.

Neema: Shikamooni. Pole Mjomba. Kwake ndiyo ilikuwa kwanza anasikia. Siku nyingine akimuulizia Babu, mwulize Babu alikuwa mtu wa namna gani. Atasimulia mpaka umwombe ruhusa ya kuondoka. Ya zamani anayo, ya asubuhi ndiyo yanayomponyoka.

Neema: Na jamani tuache ile "Bibi, mimi nani?" Ule ni mtihani. Jitaje mwenyewe: shikamoo Bibi, ni mimi Neema, wa Salma. Zima televisheni, vuta kiti, kaa akuone usoni. Kabla hujasema hasikii, angalia kile kifaa cha sikioni kama kimewashwa na betri inafanya kazi. Nendeni asubuhi. Wengi wenye ugonjwa huu wa kusahau jioni huchanganyikiwa zaidi.

Baraka: Nikimkuta amelala je? Nirudi?

Mama Mdogo Zuhura: Urudi kwa nini? Kaa naye. Akiamka mpake mafuta mikononi, polepole, ngozi yake inachubuka upesi. Umtazame na visigino. Pakibadilika rangi au pakiwa na joto kuliko pengine, mwite muuguzi, vidonda vya kulala huanza hivyo.

Mjomba Hamisi: Maji je? Midomo huwa mikavu.

Mama Mdogo Zuhura: Uliza kwanza. Siku hizi kumeza ni shida, vinywaji vyake vinatiwa unga wa kuvifanya vizito. Maji matupu yanaweza kumpalia.

Neema: Mama Mdogo, kuchanganyikiwa kule kwa usiku kumeendelea?

Mama Mdogo Zuhura: Hapana, leo katulia. Kaniuliza kama nimekula.

Neema: Afadhali. Ila mkiona amebadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, anaweweseka kuliko kawaida au analala tu haamki vizuri, msiseme ni uzee. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, kifua, upungufu wa maji, hata dawa mpya. Muuguzi aambiwe siku hiyohiyo.

Mjomba Hamisi: Sawa daktari wetu. Basi tugawane siku, wawili wawili, tusikae sana. Jumatano asubuhi nakwenda mimi.

Baraka: Mimi nina mafua.

Mama Mdogo Zuhura: Basi usikanyage kule! Mpigie kwa video, nitamshikia simu.

Mjomba Hamisi: Na akiniita tena kwa jina la Baba, niitike?

Mama Mdogo Zuhura: Itika. Ila ukitoka huko usije ukatuamrisha na sisi.

Baraka: 😂😂 Niandikeni Ijumaa ya wiki ijayo, nikipona.

Neema: Nimekuandika. Nami nitakuwa nawe.