Mrejesho: mtihani wa MCS, safari hii nimevuka

Wakuu, ni yule niliyeuliza mwaka jana: nimefaulu maandishi ya MCS, mtihani wa uanachama wa COSECSA (chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini), nikaanguka kwenye mtihani wa ana kwa ana, nisome peke yangu au nitafute kundi? Wengi mlisema kundi. Nilibisha, maana makundi mengi nayajua, huishia kwenye soga na chai.

Tukawa wanne, hospitali tofauti, Jumanne na Alhamisi saa tatu usiku kwa simu ya WhatsApp. Mmoja mtahini, mmoja mtahiniwa, wawili wanasikiliza na kuhesabu dakika. Hapo ndipo nilipoumbuka. Mgonjwa kaungua moto, kilo 70, asilimia 30 ya mwili: hesabu ya Parkland, ya maji ya dripu ya saa 24 za kwanza (4 × 70 × 30, yaani mililita 8,400), niliitoa haraka, ila nusu ya kwanza nikaipangia masaa 8 tangu afike hospitali. Mwenzangu akanidaka: masaa yanaanzia alipoungua! Kitabuni nilishalisoma mara kumi, halikukaa. Kuchekwa kulilikalisha.

Wote wanne tumepita. Anayetaka maswali yetu ya mazoezi anitumie ujumbe, ila avumilie, ni mwandiko wa daktari.