Barabara ya ufukweni Matema: ipite mchangani au nyuma ya kijiji?

Ndugu zangu wa Kyela, Rungwe na Mbeya mjini, mjadala uko wazi. Mwenzetu amependekeza lami ya Kikusya–Ipinda–Matema isiishie ilipo, bali ikunje na kufuata mchanga wa Ziwa Nyasa, "tupate ya kwetu kama ya Chicago", watalii waje. Mimi napinga, na naanza na hiyo hiyo Chicago.

Barabara yao ya ufukweni, Lake Shore Drive, ina kilomita 25 hivi kando ya Ziwa Michigan. Aliye ndani ya gari anafaidi. Wa miguu hutafuta kivuko cha chini au cha juu ndipo ayaone maji, maana sehemu nyingine zina njia nane za magari. Mwaka 1996 walilazimika kuhamisha njia za kuelekea kaskazini zilizotenganisha makumbusho ya Field na akwaria (nyumba ya maonyesho ya samaki) ya Shedd. Februari 2011, dhoruba ya theluji ilikwamisha mamia ya magari humo.

Theluji hatuna, lakini mwera ukivuma kutoka kusini tunajua mawimbi yanafika wapi. Na ule mchanga si uwanja mtupu! Hapo mitumbwi inavutwa, nyavu zinashonwa, usipa, dagaa wa ziwa letu, unaanikwa, vyungu vya akina mama wa Kikisi vinateremshwa. Mama mwenye chungu kichwani avuke malori ya kokoa ndipo afike sokoni? Sheria ya Mazingira ya 2004 yenyewe imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Barabara ipite nyuma ya nyumba, vichochoro viteremke ziwani.

Mchangiaji, Ipinda: Kaka, nyuma ya nyumba ni mashamba ya mpunga na kokoa. Nani atafidiwa, na lini? Halafu ukielekea kijiji cha Ikombe, Milima ya Livingstone inaingia majini. Huko hakuna "nyuma". Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, ziwa limechafuka, afanyeje?

Mwanzisha mada: Ndaga (asante), dada. Kwa Ikombe umenishinda. Huko ichongwe hata kwenye mwamba. Hoja yangu ni mchanga wa Matema. Kuhusu fidia, nasema ilipwe kabla greda halijashuka, na kila mwenye shamba asomewe kiwango chake mkutanoni.

Mchangiaji, Tukuyu: Na hivyo vichochoro viandikwe kwenye ramani ya kijiji sasa hivi. Wenye hoteli wakishajenga ukuta, utapita wapi?