Mnaofundisha kwamba upepo ndio unayageuza mawimbi yaelekee ufukweni, acheni!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila nikifungua video au notisi za mawimbi ya maji, wimbo ni ule ule: eti mawimbi hulala sambamba na ufukwe kwa sababu upepo unavuma kuelekea nchi kavu. Haya, siku upepo unapotoka nchi kavu mbona bado yanakuja vilevile?

Kinachoyageuza ni kina. Wimbi refu likiwa kwenye maji machache, kasi yake ni kipeuo cha pili cha g (mchapuko wa mvutano wa dunia) mara kina, na upepo haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Chukua wimbi moja linalokuja kimshazari. Ncha ya nje iko kwenye kina cha mita 10, inakwenda karibu mita 10 kwa sekunde. Ncha ya ndani imeshafika kwenye mita 2.5, inajikokota kwa mita 5 tu. Kila sekunde ile ya nje inafidia mita 5 hivi. Litaachaje kugeuka?

(Idadi ya mawimbi kwa dakika haibadiliki, kinachopungua ni umbali kutoka kilele hadi kilele. Hata hili mnalivuruga.)

Wanaonichefua zaidi ni wale wanaonakili mchoro wa mwanga na kioo, wimbi linavuka mstari mmoja na kupinda kwa kona kali. Kona ipi, jamani? Sakafu ya bahari inapanda taratibu, na wimbi linapinda taratibu. Linaanza kuihisi sakafu pale kina kinaposhuka chini ya nusu ya urefu wa wimbi, yaani ule umbali wa kilele hadi kilele. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 10 yana urefu wa mita 156 hivi baharini, kwa hiyo kazi inaanza kwenye mita 78 huko! Tsunami ndiyo kabisa, inaihisi sakafu hata kwenye mita 4,000, ikikimbia kilomita 700 na ushei kwa saa, na inapinda safari nzima.

Halafu rasi. "Inapigwa sana kwa sababu imejitokeza." Hapana! Maji ya mbele yake ni machache, mawimbi yanachelewa hapo na kuikumbatia pande zote, nguvu inajikusanya. Ghubani inatawanyika.

Na nani kawaambia yanafika sambamba kabisa? Mshazari kidogo hubaki. Usingebaki, ule mchanga unaosafiri kandokando ya ufukwe ungesukumwa na nani? Wachoraji wanijibu.